Januarius Mwandu wa Dengu, Aliyeitika Mwano

Padri wetu, mwenyekiti wa kijiji, wazee wangu, mayu zangu, yaani mama zangu, mliokaa kwenye mikeka, ndugu mliofika kutoka Mwamanyili na Lamadi, wafanyakazi wenzake marehemu kutoka Maswa, na ninyi vijana mlioegemea baiskeli huko nyuma ya turubai, nawasalimu, mwadila. Mimi ni Felisita, dada wa marehemu, ndimi niliyemfuata kuzaliwa, tumenyonya ziwa moja, na wajomba zangu waliponikabidhi jana historia hii ya marehemu waliniomba niisome kwa upole, nikawaahidi kwamba nitajitahidi, kwa hiyo nikishindwa msiwalaumu wao.

Januarius Mwandu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 hapa hapa Mwabulinge, Bariadi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwandu na mama yetu Nyanjige, ambao wote wawili wamekwisha kutangulia, akabatizwa mwaka huo huo wakati wa Pasaka, na mambo ya kwanza aliyoyakumbuka katika maisha yake, kama alivyotusimulia mara nyingi, hayakuwa ubatizo wala Pasaka, yalikuwa damu ya baba. Mwaka 1983, yeye akiwa na miaka minne, wezi wa ng'ombe waliingia nyumbani kwetu, wakamkata baba kwa panga kuanzia chini ya sikio mpaka begani, wakafungua zizi na kuondoka na kundi lote, na mama alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini hakutoka mtu, kila nyumba ilijifungia mlango wake. Baba alipona, ila shingo yake haikugeuka tena, akitaka kukutazama ilimbidi ageuze mwili mzima, na mliomfahamu mnakumbuka jinsi alivyowatisha watoto kwa kugeuka kule.

Kwa ajili ya wageni wetu wa mbali naomba nieleze kidogo, maana bila jambo hili historia ya kaka yangu haieleweki. Baba alipopata nguvu alikaa na wanaume wenzake wa Mwabulinge, wakakubaliana kwamba kuanzia siku ile mtu yeyote akipatwa na shida atapiga mwano, yaani yowe letu la kuita kijiji kizima, na kila mwanamume atakayelisikia ataacha alichoshika, atachukua fimbo au rungu na kukimbilia inakotoka sauti, maswali yataulizwa huko huko, na atakayebaki nyumbani atatozwa ng'ombe au kutengwa. Huo ndio mwanzo wa sungusungu wetu, ulianzia kwenye shingo ya baba yangu, na Januarius alilelewa ndani yake, hakuwahi hata mara moja kusikia mwano akabaki amekaa.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1987 katika shule ya msingi ya kijiji na kuhitimu la saba mwaka 1993, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, wala hakulilia jambo hilo. Katika miaka hiyo ya shule lipo tukio moja ambalo familia imeona lisemwe, kwamba mwaka 1990 alipokuwa akichunga pamoja na rafiki yake Mayunga walizama katika mchezo, ng'ombe wetu wakaingia kwenye pamba ya jirani, na baba alimpiga kwa kamba ya kufungia ndama mpaka wajomba wakaja kumnyang'anya ile kamba, akalala kifudifudi kwa wiki nzima akitiwa samli mgongoni. Tangu hapo Januarius hakuweza kuona mnyama ndani ya mazao ya mtu akanyamaza, awe wake au wa mwingine, alikuwa anatetemeka kabisa, nasi tulikuwa tunamcheka.

Baada ya shule alilima na kuchunga nyumbani, na mwaka 1998 alipokimbilia mwano wa wizi alipigwa mshale wa paja, akauvunja mti wake na kuendelea kukimbia na chembe ya mshale ikiwa ndani ya nyama. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2008 alifanya kazi katika kinu kimoja cha kuchambulia pamba huko Maswa, kinu ambacho siku hizi hakipo, na mwaka 2006 mashine ilimng'oa vidole viwili vya mkono wa kushoto, akavifunga kwenye leso na kuja navyo nyumbani kwa sababu hakutaka sehemu yake yoyote izikwe nje ya Mwabulinge. Wenzake wa kinuni ambao mko hapa mnaitikia kwa vichwa, asanteni, ndivyo alivyokuwa, mkaidi kupindukia.

Tarehe 22 Oktoba 2005 alifunga ndoa takatifu na Specioza, binti wa Mzee Yakobo wa Maswa, msimamizi wa ndoa yao akiwa huyo huyo Mayunga aliyechunga naye, na Mungu akawajalia watoto watatu, Josia aliyezaliwa mwaka 2007, Esteria wa mwaka 2010, na Anna wa mwaka 2016, ambaye amelala usingizi pale miguuni pa bibi yake mzaa mama na bado anadhani baba yake yuko hospitalini. Naomba yeyote asijitwike kumweleza, mama yake atamwambia mwenyewe atakapoweza.

Sasa nifike kwenye dengu, kwa kuwa ninyi wenyewe mlimpa jina hilo, Januarius wa Dengu, mwanzoni kwa kumkejeli na baadaye kwa adabu. Aliporudi kutoka Maswa alirithi kipande cha baba kule mbugani karibu na kijito, ardhi nyeusi inayonata masika na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama, akalima pamba juu ya pamba kama tulivyolima sote, mwaka hadi mwaka, vitumba vikaliwa na funza, miche ikadumaa, mpaka msimu wa mwaka 2017 alisimama katikati ya shamba akaipiga ile ardhi kwa jembe mpaka mpini ukakatika, Specioza akimtazama kutoka barabarani na kuogopa kumsogelea.

Agosti 2018 alikwenda kwenye maonesho ya wakulima pale Nyakabindi, na huko bwana shamba mmoja alikuwa akifundisha juu ya mazao ya kuipumzisha ardhi iliyochoshwa na zao moja, akaonyesha picha ya nafaka ndogo inayong'aa, akasema ziko nchi za baridi ambako wakulima hulima nafaka hiyo kati ya msimu na msimu wa zao lao kubwa, wakaiuza kuwa chakula cha ndege wanaofugwa ndani ya nyumba, na wanapata faida nzuri. Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu wiki chache kabla alikuwa amemaliza kupigana na kwelea kwelea kwenye mtama, kutwa kucha kombeo mkononi, akamwambia bwana shamba, "Sisi tunawapiga mawe, wenzetu wanawatengea chakula mezani." Lakini katika kucheka alikuwa amelishika jambo lenyewe, akarudi nyumbani akasema ndege tuwaache na wazungu wao, sisi mbuga yetu itapumzishwa na dengu.

Utaratibu wake mnaufahamu, ila nausoma kwa sababu ndio kazi ya maisha yake. Aligawa shamba mafungu matatu, na kila mwaka kwenye fungu moja kwa zamu pamba ilikaa pembeni, akapanda mahindi ya muda mfupi Novemba, akayavuna mwishoni mwa Februari, akalima kwa maksai na kupanda dengu Machi, wakati mbuga bado imeshika maji chini, na baada ya hapo dengu hazidai mvua, zinakula unyevu wa chini na umande, huku majani yake yakitoa uchachu unaotafuna suruali na kuchana mikono, na kufika Julai zimekauka, zinang'olewa kwa mkono alfajiri wakati maganda yamelainishwa na umande, maana ukichelewa mpaka jua likolee yanapasuka na punje zote zinazama kwenye nyufa. Pamba iliyofuata baada ya dengu ilimfika kifuani. Kwa dengu hizo aliezeka bati, akanunua maksai wawili na jembe la kukokota, akampeleka Esteria shule ya bweni, na lori la wanunuzi lililokuwa likiishia barabara kuu likaanza kufika mpaka mlangoni kwake, na wale waliocheka wakaanza kuja jioni mmoja mmoja kuomba mbegu, na wote aliwapa.

Lakini hapa kwetu mahindi yakishavunwa mabua si ya mwenye shamba tena, ni ya ng'ombe wote, ndivyo tulivyokuta na ndivyo tulivyofundishwa, shamba linafunguka na kundi lolote linapita. Sasa mtu anapokuwa na zao la kijani Mei na Juni katikati ya mabua yaliyofunguliwa, huyo amejitafutia ugomvi, na ugomvi ulikuja. Mwaka 2019 kundi lilimaliza shamba lake lote la kwanza la dengu, akapigana na wenye ng'ombe na kukatwa panga la mkono, mwaka 2020 uzio wake wa miiba ulichomwa moto, mwaka 2022 maksai wake mmoja alikutwa amekatwa mshipa wa mguu, akamchinja mwenyewe huku akilia, na nyama yake hakuila.

Januari mwaka huu, yeye pamoja na wenzake wa dengu waliomba mkutano wa kijiji, wakapendekeza mabua yafungwe mpaka mwisho wa Julai, na ng'ombe watengewe ngitili kando ya kijito, yaani malisho ya kufunga na kufungua kwa pamoja, na Januarius alikubali kutoa sehemu ya shamba lake mwenyewe. Mayunga, ambaye kundi lake ndilo kubwa hapa, alisimama akauliza, "Nkoi, rafiki yangu, ngitili itaota lini? Na ng'ombe wangu Juni hii wale nini, hewa?" Lilikuwa swali la haki, sikatai, lakini kabla halijajibiwa benchi lilikwisha kurushwa, watu wakapigana mpaka nje, mwenyekiti anayenisikiliza hapa aling'oka jino la mbele, na mkutano ukaahirishwa hadi tarehe ambayo mpaka leo hatujatajiwa.

Ndugu waombolezaji, sasa naingia kwenye sehemu ambayo katika historia nyingine husomwa kama kuugua kwa marehemu, na nasema wazi kwamba kaka yangu hakuugua. Ijumaa tarehe 12 Julai 2024, saa tisa alasiri, alikwenda kutazama dengu zilizokuwa zimekauka tayari kwa kung'olewa, akakuta ng'ombe wa Mayunga wamo ndani, mchungaji hayupo. Alitetemeka kama kawaida yake, lakini hakumpiga ng'ombe hata mmoja, aliwaswaga taratibu mpaka kwenye zizi lake na kuwafungia, kwa sababu ndivyo inavyofanyika hapa, ng'ombe akiingia kwenye mazao anafungwa mpaka mwenyewe aje mzungumze, akawajazia maji hodhini, akampigia Mayunga simu na simu haikupatikana, ndipo akamwambia mke wake, "Nenda kwa Mayunga, waambie ng'ombe wao wako kwangu, wasihangaike, wameshakunywa maji."

Specioza alishika barabara kubwa. Mayunga, aliyekuwa Lamadi tangu asubuhi, alikuwa anarudi kwa bodaboda akipita njia ya kijitoni, hawakukutana, akafika kwenye mabua, akamkuta mchungaji wake anazunguka analia kwamba kundi halionekani, na kwa vile mwezi uliopita tu wezi walipakia ng'ombe wa kata jirani kwenye lori mchana kweupe, hakungoja, alipiga mwano. Kwa hilo simlaumu, hata mimi ningepiga.

Januarius alikuwa ananawa mikono pembeni ya zizi aliposikia. Watoto wake walimwona, Josia amenisimulia, kwamba baba yao hakumaliza kunawa, aliingia ndani akatoa rungu la Mzee Mwandu lililokaa juu ya mlango, akatoka mbio huku maji yanamdondoka viwikoni, akikimbilia sauti, kama alivyokimbilia kila mwano tangu alipoweza kushika fimbo, na haikumpitia kichwani kwamba ng'ombe wanaoliliwa ni wale wanaotafuna cheu nyuma yake. Ninyi nanyi mlikuwa mnakuja mkifuata kwato, na kwato zilikuwa zinaelekea kwake, mkakutana naye kwenye njia ya kisimani, mtu mmoja, na rungu mkononi. Josia, aliyekuwa akimfuata nyuma, alimsikia baba yake akiwaita marafiki na kuuliza kwa pumzi za kukatika, "Nimeitika, bakoi. Ng'ombe wa nani wameibiwa?" Na fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni.

Sitapamba. Alipigwa fimbo, alipigwa mawe, alipigwa mpini wa jembe, alivunjwa taya na mbavu, aliinua ule mkono wake wa vidole vitatu ambao hakuna mtu wa Mwabulinge asiyeujua, ukapigwa nao, na sauti moja iliagiza petroli itolewe kwenye pikipiki, na ingetolewa kama Specioza asingefika na kumlalia mumewe juu, na bandeji hiyo mnayoiona mkononi mwake aliipata hapo. Mayunga alifika wa mwisho, mwili wake si wa kukimbia, akapita njia nyingine na kutokea kwanza zizini kwa Januarius, akawaona ng'ombe wake wametulia na hodhi limejaa, akaelewa, akaja akipiga kelele kwamba acheni, na alipofika tayari mlikuwa mmeacha, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kupigwa. Alivua shati lake akamfunga nalo kichwa, akamshika mpaka garini, na mpaka hospitalini.

Madaktari wameandika kwamba fuvu lilipasuka na damu ikavujia ndani, nami nasoma kama walivyoandika. Alizinduka mara mbili, na mara zote mbili alimuuliza mke wake kitu kimoja tu, kama wale ng'ombe walioibiwa wamepatikana, naye Specioza akamjibu kwamba wamepatikana wote. Alifariki Jumapili tarehe 14 Julai alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano na miezi minne, na amekwenda bila kujua aliuawa kwa ajili ya nini, na mimi dada yake linaloniuma kuliko yote ni hilo, kwamba mpaka mwisho alidhani alikuwa upande wenu.

Watatu wako mikononi mwa polisi, na yao yatasemwa mahakamani, siwataji. Waliobaki mko hapa, mmevaa mashati safi, mmechimba kaburi, mmebeba jeneza, nimewaona mkilia na sidhani kama mlikuwa mnaigiza, na ndiyo maana nashindwa hata kuwachukia sawasawa. Baba yangu aliwafundisha kuitika ili pasiwepo tena mtu wa kupiga kelele usiku mzima bila jirani kutoka. Alisema maswali yataulizwa huko huko. Kaka yangu aliuliza, ninyi hamkuuliza.

Kwa niaba ya familia napenda kuwashukuru madaktari na wauguzi waliompokea na kukesha naye, mmefanya yote mliyoweza, mwenye gari aliyemkimbiza bila kuuliza mafuta ni ya nani, padri wetu na jumuiya, wafanyakazi wenzake wa Maswa mliofika na sanda na faraja, majirani mliochota maji, mliokata kuni, mliopika na mliolala nasi chini tangu Jumapili, na pia namshukuru Mayunga, ndiyo, nimesema Mayunga, ambaye tangu Ijumaa hajala na ambaye ng'ombe wake amewafungia kwake, anawakatia majani kwa mkono.

Limebaki jambo moja, nami nalisema kwa kutumwa na mjane. Dengu za Januarius bado zimesimama shambani, zimekauka, hazitafika wiki nyingine, maganda yameanza kupasuka, na Specioza hawezi kung'oa kwa mkono mmoja. Keshokutwa Ijumaa, alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, atasimama kwenye njia ya kisimani, pale pale, na atapiga mwano. Kila aliyeusikia ule wa Ijumaa iliyopita atausikia na huu, umbali ni ule ule na miguu ni ile ile, lakini safari hii acheni fimbo nyumbani, dengu hung'olewa kwa mikono mitupu, na uchachu wake utawachoma kidogo, vumilieni. Yeye atakaa kwenye tuta awatazame mnavyofika, na Anna atakuwa pembeni yake.

Januarius, mtoto wa Mwandu, kaka yangu, ulimaliza kuitika, lala sasa kwa amani katika ardhi yako nyeusi pamoja na vidole vyako, zamu hii ni yao.